Ukaguzi wa ukuta wa kuzuia udongo kabla ya kununua nyumba, Lindi mjini: maoni ya mteja

Mwezi Oktoba, msimu ambao fedha za korosho huanza kuzunguka na madalali wa nyumba hawalali, nilionyeshwa nyumba ya vyumba vitatu kwenye mteremko unaopanda kuelekea Mtanda. Ukiwa barazani unaiona ghuba yote na Kitunda ng'ambo yake, na bei iliyotajwa ilikuwa chini ya nilivyotegemea. Nyuma ya nyumba, hatua nne tu kutoka dirisha la jiko, umesimama ukuta wa mawe na saruji unaozuia udongo wa kiwanja cha juu, wenye urefu wa mita 19 na kimo cha mita 2.4. Ukuta huo ulikuwa umepigwa plasta mpya na chokaa nyeupe. Nyumba yenyewe haikuwa imeguswa rangi kwa miaka mingi, na haikunielea kwa nini mtu aache sebule inayoonwa na wageni akaupambe ukuta wa uani. Shemeji yangu wa Mtwara, anayeishi Shangani ambako ardhi ni tambarare, aliona nina wasiwasi wa bure. Hata hivyo niliamua kulipia ukaguzi.

Ofisi niliyoitumia ni ndogo, na kwa kuwa nina malalamiko juu yake sitaitaja jina. Gharama ilikuwa shilingi 200,000 kwa kufika mara moja na kuandika taarifa. Mhandisi aliyekuja alinionyesha uthibitisho wa usajili wake katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla sijamuuliza, jambo ambalo lilinipa imani, kwa sababu hapa kwetu kila mwenye pimamaji hujiita injinia.

Nilidhani ataanza na ukuta. Badala yake aliomba ruhusa kwa jirani wa juu, akapanda, na akatumia karibu saa nzima huko akitembea taratibu huku akitazama chini. Takriban mita moja kutoka ukingo wa ukuta alichutama, akaondoa majani makavu kwa mkono, na chini yake ukaonekana ufa katika ardhi, mwembamba kama kidole, unaokwenda sambamba na ukuta kwa hatua nane au tisa. Alinieleza kwamba ufa wa namna hiyo ni dalili kuwa kipande cha udongo kimeshaanza kujitenga na kuufuata ukuta unaosogea mbele. Jirani wangu mtarajiwa alikuwa pia ameweka tanki la lita 5,000 karibu kabisa na ukingo. Tanki hilo likijaa, maji yake pekee ni tani 5, na uzito huo haushuki chini tu, bali huubana udongo ubavuni, nao udongo ukausukuma ukuta. Bomba la kumwagia maji yanayozidi lilikuwa likidondosha palepale juu ya ufa. Dalali hakuyaona hayo yote, au tuseme hakuwa na sababu ya kuyaona.

Aliporudi chini alining'iniza timazi, yaani uzi wenye kizito cha kupimia wima, kutoka juu ya ukuta, na uzi ukasimama sentimita 6 mbali na uso wa ukuta kwenye kitako. Ukuta wa namna hii ukijengwa vizuri husimama wima au hulalia kidogo upande wa udongo, kwa hiyo ukiuona umeinamia upande wa nyumba, ujue umesukumwa. Aligonga plasta kwa nyundo ndogo, na kwenye theluthi ya chini, katika mstari unaokwenda usawa, ilisikika tupu kama debe. Alibandua kipande chenye ukubwa wa kiganja baada ya mwenye nyumba kukubali kwa shingo upande, na tukauona ufa wa mlalo uliofukiwa kwa saruji. Alifafanua kwamba nyufa ndogo za wima mara nyingi hutokana na saruji kukauka, lakini ufa wa mlalo wenye kutuna juu yake humaanisha kuwa ukuta unapindwa na mzigo ulio nyuma yake.

Kilichonifunza zaidi ni matundu ya kutolea maji. Yalikuwa saba, yamepangwa vizuri, yakiwa na mabomba ya plastiki, na mimi ningeyahesabu kama sifa ya nyumba. Mhandisi aliingiza waya mgumu katika kila tundu, na matano kati yake waya ulikwama kwenye udongo wa mfinyanzi punde tu ulipovuka unene wa ukuta. Nyuma hapakuwa na kokoto za kuyachuja na kuyaongoza maji, hivyo mabomba yalikuwa pambo. Msukumo wa udongo hukua kwa mraba wa kimo, maana yake ukuta wa mita 2.4 hubeba mara nne ya ule wa mita 1.2, na maji yakijaa nyuma msukumo huo unaweza kukaribia kuongezeka maradufu. Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu nyingi za Marekani huusamehe kibali ukuta usiozidi futi 4 kutoka chini ya msingi wake, mradi hakuna mzigo wa ziada juu yake. Huu ulikuwa umepita kimo hicho kwa mbali, na tanki juu.

Tulipokuwa tukitoka, bibi wa nyumba ya pili alituita. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, unataka kuinunua hiyo? Siku zile za Hidaya ukuta huo ulitoa maji katikati kama mtungi uliopasuka, tope likafika mlango wa jiko." Alikuwa akizungumzia kimbunga kilichopita pwani yetu Mei 2024. Mhandisi aliandika maneno yake katika daftari, jambo ambalo wakaguzi wengi wasingelifanya.

Sasa malalamiko. Taarifa niliyoahidiwa baada ya siku tatu ilifika siku ya kumi na moja, wakati muuzaji ananipigia simu asubuhi na jioni akidai kuna mteja mwingine. Iliandikwa yote kwa Kiingereza, ikabidi nimwombe mwalimu mmoja anisomee, ingawa maelezo ya mdomo yalikuwa kwa Kiswahili fasaha. Haikuchimbwa hata sehemu moja ya kuuona msingi, na taarifa ilikiri hivyo katika mstari mmoja wa mwisho, ilhali upana wa kitako ndio unaoamua kama ukuta wa mawe utasimama au la. Aidha, haikugusa swali la nani mwenye ukuta. Hilo nililifuatilia mwenyewe: nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, kisha tukatafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, pamoja na mwenyekiti, na ikaonekana kuwa ukuta uko ndani ya kiwanja kinachouzwa. Matengenezo yangekuwa juu yangu, hata kama tanki ni la jirani.

Pamoja na kasoro hizo, nililipia ziara ya pili kwa shilingi 80,000, na ningewashauri wanunuzi wote wa mteremkoni waidai tangu mwanzo. Ukuta mkavu wa Oktoba huficha mengi, ilhali mvua zetu huanza Novemba au Desemba. Tulirudi Desemba, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Matundu matano yalikuwa makavu kabisa, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye ule ufa, huku plasta ya pembeni yake ikiwa imefura. Siku hiyohiyo nilimwambia muuzaji kwamba nitanunua endapo sehemu iliyotuna itabomolewa, ijengwe upya kwa kokoto na mabomba nyuma yake, na tanki lihamishwe. Alisema atafikiria.

Juzi nimepita tena. Tanki lipo palepale, na ukuta umepigwa plasta nyingine.