Ramani ya ukutani ya dunia: mwalimu wa Historia ainunue

Nimeinunua kwa shilingi 35,000 kwenye duka la vifaa vya shule hapa Mtwara mjini, upande wa kwenda Shangani. Imefunikwa plastiki, ina vijiti vya mbao juu na chini, na skeli yake ni 1:30,000,000, yaani sentimita moja ni kilomita 300. Skeli hiyo ndiyo iliyonifanya niipende.

Kila mwaka wanafunzi huuliza kwa nini taifa kubwa halimwachi jirani yake mdogo apumue. Jibu la kukariri huishia kwenye mtihani. Kwenye ramani mtoto anaweka rula mwenyewe. Florida hadi Cuba ni nusu sentimita, kama kilomita 150. Hapo ndipo Wasovieti walipopeleka makombora mwaka 1962. Mwaka 1939 Leningrad, mji mkubwa wa Wasovieti (leo St. Petersburg), ilikuwa kilomita 32 tu kutoka mpaka wa Finland: milimita moja, upana wa ncha ya penseli. Stalin, kiongozi wa Wasovieti, akaitaka Finland isogeze mpaka, ikakataa, na Novemba 30 akaivamia. Mkubwa anataka nafasi kati yake na adui, na nafasi hiyo anaikata kwenye ardhi ya mwenzake. Au anataka bandari: wekeni kidole Sevastopol, bandari ya Crimea zilipokuwa manowari za Urusi, halafu tuzungumze mwaka 2014, Urusi ilipoitwaa Crimea kutoka Ukraine.

Binti mmoja akaniuliza, "Madam, mbona makombora ya Marekani kule Uturuki hayakuwa kosa?" Nilifurahi sana. Makombora hayo yaliondolewa kwa makubaliano ya siri. Hofu ya wakubwa ni ya kweli, ila mwenye nguvu ndiye anayeamua hofu ya nani ihesabiwe. Mimi siiti haki, na darasani nasema wazi.

Kasoro zipo. Unyevunyevu wa bahari umeanza kubandua plastiki pembeni. Majina ya Karibiani ni madogo mno. Grenada, iliyovamiwa na Marekani mwaka 1983, wa dawati la nyuma haioni. Na Kionga, kipande cha ardhi hapo kusini tu mwa mdomo wa Ruvuma, haimo kabisa. Wajerumani waliitwaa mwaka 1894 wakijua Mreno hana ubavu wa kuwazuia. Mreno akaichukua mwaka 1916, Mjerumani alipozidiwa vitani. Kwa watoto wa huku huo ndio mfano wa karibu kuliko yote, kwa hiyo nauchora ubaoni kwa chaki.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji aifungue yote kabla hujalipa, utazame kama Sudan Kusini imo. Ya kwanza niliyoonyeshwa haikuwa nayo.