Feni ya AC ilikorofisha, wakaniuzia gesi na mota

Nianze kwa kuwatendea haki, hii gereji breki wanazijua. Walishanibadilishia pedi na disiki za mbele gari ikawa inashika vizuri tu, ndo maana feni ya AC ilipoanza kusumbua sikuhangaika kutafuta pengine, nikaenda kwao moja kwa moja.

Shida yenyewe ilikuwa hivi: swichi ya feni ukiweka namba 1 kimya, 2 kimya, 3 kimya, ukifika 4 upepo unatoka wote kwa kelele. Niliwaeleza vizuri, tena nikakaa kwenye kiti nikawa nazungusha swichi ili fundi mkuu aone mwenyewe. Hakuangalia. Yuko na simu sikioni, akanijibu kashanipa mgongo, "Dada, hiyo gesi imeisha." Nikamwambia kaka, upepo hautoki kabisa kwenye namba za chini, gesi inaingiaje hapo? Akawageukia wenzake wakacheka, "Wewe endesha tu dada, mambo ya AC tuachie sisi."

Jamani. Kazi ya gesi ni kupoza, feni ndo inasukuma upepo uje ndani, ni vitu viwili tofauti! Gesi ikipungua upepo unatoka kama kawaida ila wa moto. Halafu gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli, inazunguka humo humo kwenye mabomba, ikipungua sana ujue kuna mahali inavuja, kwahiyo hata kama ingekuwa gesi kweli ilibidi kwanza atafute panapovuja. Yeye akajaza tu, nikalipa, namba 1 mpaka 3 bado kimya.

Nikarudi. Safari hii ikawa "mota imekufa". Imekufaje na namba 4 inazunguka? Wakafunga mota nyingine, nikalipa tena. Kuja kuwasha, namba 4 peke yake, vile vile! Namwonyesha fundi mkuu ananiambia, sisahau hiyo kauli, "Dada, si inapuliza? Unataka nini tena?"

Nataka nilichokulipia, ndo ninachotaka. Mvua ilikuwa inanyesha siku hizo, kioo cha mbele kinashika ukungu kwa ndani na bila upepo hautoki, kwahiyo ni ama niendeshe na ile kelele ya namba 4 hadi simsikii mtu aliyekaa pembeni yangu, ama nisione barabara.

Kitu kimoja kiliniuma zaidi. Kuna kijana pale anajifunza kazi, alisema taratibu, "Bosi, tucheki rizista kwanza." Akafokewa mbele yangu akalete spana anyamaze. Na yule kijana ndo alikuwa sahihi! Kwenye namba za chini umeme unapitia kwenye rizista ili upungue, feni izunguke polepole, namba ya mwisho unaenda kwenye mota bila kupita huko. Ukiona ya mwisho tu ndo inafanya kazi, cha kwanza kushika ni rizista. (Kama gari yako ina AC inayojirekebisha yenyewe, yenyewe inatumia moduli, yaani kifaa cha elektroniki badala ya rizista, hiyo ni habari nyingine.)

Nikampata fundi umeme mwingine, mzee mmoja mpole sana, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akaingia chini ya dashibodi upande wa abiria akatoka na rizista, plagi yake imeyeyuka, plastiki imekuwa kahawia na pini moja imeng'ang'ania humo. Akachomoa na filta ya hewa ya ndani, imejaa majani makavu na vumbi. Akanifafanulia kwamba rizista imekaa kwenye njia ya upepo makusudi ili ipozwe, filta ikiziba upepo unakuwa mdogo inaungua. Akabadilisha rizista na plagi, akaweka filta mpya, namba zote zikarudi.

Halafu akaniuliza mota ya zamani iko wapi, ilikuwa kwenye buti kwa sababu niliidai. Akaiweka chini akaiunganisha na betri kwa waya mbili, ikazunguka hadi ikaanza kuhama pale ilipo. Nzima! Sauti laini kabisa, wala kaboni, vile vipande vya ndani vinavyopeleka umeme kwenye mota, hazijaisha. Yaani nilinunua mota kwa gari yenye mota nzima.

Hapo bado nilikuwa nimepanga kuandika kwamba ni gereji ya wastani, umeme hawawezi ila breki nendeni tu. Lakini yule mzee akafungua boksi la fyuzi, sehemu ya feni imeandikwa ampea 30, imechomekwa ya 40. Waliiweka siku ya kufunga mota. Fyuzi kazi yake ikatike kabla waya haujaungua, ukizidisha ukubwa waya ndo unaungua badala yake, na waya huo unapita nyuma ya dashibodi mbele ya magoti yangu! Mtu anayefanya hivyo kwenye gari ya mteja halafu anamcheka, hapana, siwezi kumsifia kwa lolote. Nataka hela yangu ya gesi na ya mota, na zile breki nimeshazipeleka kwingine zifunguliwe zikaguliwe upya.