Hartshorne au Vakil: uanze na kipi ukiwa Mtwara?

Wanaosoma jiometria ya aljebra (maumbo yanayotokana na milinganyo ya polinomia) ngazi ya uzamili hubishana sana juu ya vitabu hivi viwili, cha Robin Hartshorne na cha Ravi Vakil. Kwa aliyeko Mtwara, gharama ndiyo swali la kwanza. Maandishi ya somo ya Vakil unayapakua bure, ila ni mamia ya kurasa. Kuyaprinti steshenari ni pesa. Hartshorne, cha 1977, lazima ukiagize, lakini umeme ukikatika unaendelea kusoma kwa taa ya sola.

Kwenye ufafanuzi namuunga mkono Vakil. Anaanza mbali, kwenye kategoria (lugha ya jumla ya vitu na mishale kati yake), lakini ukifika skimu ya namba kamili, yaani nafasi ya kijiometria inayojengwa kutokana na namba hizo, unaelewa: kila namba tasa inatoa nukta, na sifuri nayo ni nukta, ambayo ufungo wake (seti funge ndogo kabisa yenye nukta hiyo) ni nafasi nzima! Mazoezi yamo humo humo, na aljebra ya ringi (mifumo ya kujumlisha, kutoa na kuzidisha, kama namba kamili) anaijenga njiani. Hartshorne anataka uje nayo. Ila ni mfupi, na mazoezi yake yanakukomaza kweli.

Una msimamizi wa kumuuliza na ringi umezishika? Chukua Hartshorne. Unasoma peke yako jioni baada ya kufundisha? Vakil kwanza.