Meli ya Antaktika: nyota nne, ya tano ameila Lemaire

Nianze na tumbo, maana ndilo lililoteseka kwanza. Kutoka Ushuaia, Ajentina, tulivuka bahari ya Drake siku mbili, na supu ya meli niliiona mara mbili: ikiingia na ikitoka. Ndugu zangu, mezeni kidonge kabla meli haijang'oa nanga. Koti zito wanakupa moja kwa moja, buti za mpira wanakuazima. Chumba chetu cha chini kilikuwa na kidirisha cha duara kama sahani. Kinatosha, nani atakaa ndani?

Pesa yangu ilirudi asubuhi moja tu, kwenye Mlangobahari wa Lemaire. Una urefu wa kilomita 11, na pale panapobana ni mita 600 hivi, kati ya kisiwa cha Booth na bara lenyewe. Nahodha alipunguza mwendo hadi tukasikia barafu ikigonga ubavu wa meli, ko, ko, ko. Huku mwamba mweusi, kule mwamba mweusi, juu theluji, chini maji yametulia kama mafuta sufuriani. Simu zote zilikuwa juu zikipiga picha; si ajabu wengine wanapaita Mwanya wa Kodak, jina la kampuni ya kamera na filamu. Barafu ikiziba njia, meli inageuza, na hilo walituambia mapema, kwa hiyo usije ukadai.

Sasa lawama. Mwongozaji alieleza kwenye kipaza sauti kwamba Mbelgiji Adrien de Gerlache alipita hapa mwaka 1898 na meli yake Belgica, akapaita kwa jina la mvumbuzi mwenzake, Charles Lemaire. Basi, akahamia pengwini. Mimi mzaliwa wa Lubumbashi na mke wangu mtu wa Mbandaka, Wakongo sote, tukatazamana. Lemaire hakuja huku! Mwaka huohuo alitumwa kwetu Katanga, kiongozi wa msafara wa kisayansi. Kabla ya hapo, tangu 1890, alikuwa komisaa wa wilaya ya Équateur, kwao mke wangu, katika dola ya Kongo ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ambako vijiji vilichomwa watu wakikataa amri za wazungu.

Wakati wa chai nilimfuata mwongozaji. Hakununa. Alitoa daftari, akaniomba nimtajie Mbandaka herufi kwa herufi. Jioni hakurudi kwenye kipaza sauti kuongeza neno, ndiyo maana nyota ni nne.

Glavu njooni nazo. Za duka la melini ni ghali mno, na zinapitisha maji.