Upanga wa mazoezi kutoka Matondoni: wa kwanza ulijua kupiga tu

Kwa wanaouliza kama Lamu kuna fundi wa kuchonga upanga wa mikono miwili wa Kizungu: yupo Matondoni, kwenye banda la majahazi, na kazi yake naisifu. Lakini usiupokee kabla ya kuupima, maana wa kwanza alionipa ulikuwa mzuri kwa macho tu.

Niliagiza panga mbili za mbambakofi, sentimita 120, shilingi 3,000 kila mmoja. Mimi na ndugu yangu tumekulia kwenye kirumbizi, mchezo wa kupigana kwa fimbo, na sasa tunajifunza mafunzo ya Johannes Liechtenauer, mwalimu wa Kijerumani wa karne ya 14. Katika kirumbizi tunapokezana: wapiga nakinga, napiga wakinga. Huyu Mjerumani anataka utangulie kupiga, mwenzako abaki anajihami. Na ukichelewa, kinga yako yenyewe iwe pigo. Anayekinga tu anangoja pigo la pili.

Pigo linaloonyesha hayo vizuri ni Zwerchhau. Mikono inapanda juu ya paji la uso, kidole gumba kimelala chini ya bapa, upanga unakata kwa kukingama. Sehemu ya upanga iliyo karibu na mpini inapokea pigo la mwenzio, na papo hapo makali ya karibu na ncha yamemfika kichwani.

Upanga wa kwanza ulikataa kabisa. Ulikaribia kilo 2, wakati panga za chuma za aina hii nyingi ni kati ya kilo 1.2 na 1.5, na uzito wote ulikuwa mbele. Ukishuka kutoka juu, ulishuka kama shoka. Nikiukingamisha, ncha inaniangukia begani, na ndugu yangu ananipiga kwenye kofia ya wavu. Mwingereza George Silver, aliyechapisha mafundisho yake mwaka 1599, alitaka mkono utangulie mguu. Kwa upanga ule mkono hautangulii. Ni mwili mzima unaosukuma, na pigo likipita hewani huna cha kujikingia.

Nilimrudishia fundi. "Mwanangu, mwepesi utavunjika," akaniambia. Nikamwomba auweke juu ya kidole chake kimoja. Ukapinduka upande wa ncha. Akautazama kidogo, akasema, "Hili kasia, si upanga." Hakubishana tena. Akapiga randa bapa lote kuelekea ncha, akatoboa kifundo cha mpini kwa keekee, akayeyusha chubwi za nyavu na kumimina risasi humo. Sasa unasimama sawa kidoleni, vidole vinne kutoka kwenye kijiti cha kukingia mkono, na Zwerchhau inakwenda.

Malalamiko ninayo. Wiki moja aliyoahidi ilikuwa tatu. Mpini niliutaka wa umbo la yai, ili kiganja kijue makali yaelekea wapi bila kuangalia. Akanipa wa duara, nikautengeneza mwenyewe kwa msasa siku nzima. Tena mwambie mapema asiupake sifa, yale mafuta ya papa, kama anavyopaka majahazi: mkono unateleza na ile harufu haitoki.

Upanga wa pili nilipoufuata, aliuweka kidoleni mwenyewe kabla sijafungua mdomo, akangoja utulie, ndipo akanikabidhi.