Shikkui ya ndoo: uzoefu wangu wa kupiga chokaa ya Kijapani chumbani

Nyumba ya mamamkwe iko Himeji, Japani. Chumba chake cha mikeka sita (huku ukubwa wa chumba huhesabiwa kwa mikeka ya sakafuni) kilikuwa na kuta za mchanga za zamani, zile ambazo ukiziegemea tu unaondoka na vumbi la kahawia mgongoni. Mume wangu alitaka tubandike karatasi. Mimi nikashikilia shikkui. Ukikaa mji huu huwezi kuikwepa: ngome ya Himeji imepakwa chokaa hiyo mpaka chini ya mapaa na kwenye maungio ya vigae, na ukarabati ulipokwisha mwaka 2015 watu walisema weupe umezidi.

Nilinunua iliyokwisha changanywa, ndoo za kilo 18. Kusoma vilivyomo, nikacheka peke yangu: chokaa iliyozimwa, nyuzi za mmea wa jamii ya bangi (msishtuke, ni nyuzi tu), na gundi ya mwani. Mwani! Kwetu Paje, Zanzibar, nimekua nikiwaona mama zangu wakiinama majini kuulima, na sikuwahi kufikiri kwamba mwani ungeweza kufika ukutani. Wajapani hutumia wa bahari yao, lakini kazi yake niliielewa kwa mikono. Unaifanya chokaa iteleze kama samli, na unazuia ukuta usiifyonze maji mara moja. Nyuzi zinapunguza nyufa. Baada ya hapo chokaa inavuta hewa ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe, sawa na ile ya matumbawe waliyokuwa wakichoma wazee wetu kwenye tanuu.

Sasa makosa yangu. Kabla ya kupaka, ukuta wa mchanga unakwanguliwa, kisha unapakwa dawa ya kuziba, mikono miwili. Kuta tatu nilizitendea haki. Wa nne, ule wa dirishani, nilichoka nikapaka mkono mmoja mwembamba. Siku ya pili madoa ya rangi ya chai yakajitokeza juu ya weupe wangu wote. Nikarudia upya, na bado moja halijakubali kutoka. Maelezo ya kwenye ndoo yanaligusia jambo hili kwa mstari mmoja wa maandishi madogo, na hapo nawalaumu watengenezaji, maana hakuna hatua nyingine inayoweza kukuharibia kazi kiasi hiki.

Mwiko ununue wa chuma kisichoshika kutu, la sivyo unaacha michirizi myeusi ukisugua sana. Ubao wa kubebea chokaa uugandamize karibu na ukuta, kisha uivute chokaa kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, ukingo wa mbele wa mwiko ukiwa umeinuliwa kidogo tu. Saa nzima ya kwanza nusu ya chokaa ilikuwa sakafuni. Kulainisha kuna wakati wake: maji yakianza kupotea juu, pitisha mwiko, ukichelewa, unakwaruza. Utepe wa pembeni, ule uliobandika kukinga kingo, utoe chokaa ikiwa bado mbichi. Mimi niliacha upande mmoja ukalala, asubuhi ukaondoka na ukingo mzima.

Glavu na miwani usizifanyie mzaha. Chokaa hii ni kali. Nilishika bila glavu dakika chache, vidole vikapasuka wiki nzima.

Nilikisia ndoo mbili zitatosha, nikarudi dukani kuongeza ya tatu.

Wauzaji wanasema inanyonya unyevu na harufu. Harufu siwezi kuitolea ushahidi. Ila ile kona nyuma ya kabati, iliyokuwa ikiota ukungu kila majira ya mvua ya Juni, mwaka huu imebaki kavu na nyeupe. Ni msimu mmoja tu, tutaona. Ubaya wake, huwezi kuifuta kwa kitambaa chenye maji. Alama ya mkono naitoa kwa kifutio cha penseli.

Lile doa la dirishani nimetundika kipepeo cha kujipepea cha ukili juu yake. Mamamkwe anadhani ni pambo, na ameniomba nimletee kingine cha koridoni.