Dobble: bapa la nukta 57 ndani ya kopo la kadi 55

Anayefundisha jiometri ya mabapa projektivu yenye kikomo (mifumo ya nukta za kuhesabika ambamo nukta mbili zozote ziko kwenye mstari mmoja tu, na mistari miwili yoyote hukutana katika nukta moja tu) na anataka kitu cha kushika mkononi, anunue Dobble. Namaanisha toleo la kawaida la kopo la bati, mchezo uliotoka Ufaransa mwaka 2009. Huuzwa kama mchezo wa kushindana wepesi wa macho, lakini umejengwa juu ya bapa la daraja la 7, yaani lenye nukta 8 katika kila mstari. Chukulia kila kadi ni nukta na kila picha ni mstari: kadi ina picha 8, na kadi mbili zozote hushirikiana picha moja tu.

Kasoro kubwa ni kwamba bapa kamili lina nukta 57, nawe umepewa kadi 55. Mbili zilizobaki zitengeneze mwenyewe kabla ya jambo lolote. Orodhesha picha zote, zipe namba, kisha hesabu kila moja imetokea mara ngapi. Picha 42 zitatokea mara 8, nyingine 14 mara 7, na yule mtu wa theluji mara 6 tu, kwa sababu yumo katika kadi zote mbili zilizoachwa. Zile 14 zigawe hivi: chukua mbili, zikikutana kwenye kadi iliyopo, ni za kadi tofauti, zisipokutana popote, ni za kadi moja. Utapata mafungu mawili ya picha 7. Kila fungu liongezee mtu wa theluji, chora kwenye kadibodi.

Sasa tafuta mkato wa koni (mstari uliopinda, jamaa wa duara na duaradufu); hapa ni kadi 8 ambazo hakuna picha inayotokea kwenye kadi tatu kati yake. Mlinganyo hauhitajiki. Mwanahisabati Mwitalia Beniamino Segre alithibitisha, katika makala ya 1955, kuwa daraja likiwa witiri, seti ya namna hiyo lazima iwe mkato wa koni. Hakiki kwa kuhesabu: picha 28 zitaonekana mara mbili, 8 mara moja (hizo ndizo tanjenti, mistari inayogusa mkato katika nukta moja tu, moja kwa kila kadi), na 21 hazitaonekana kabisa. Hesabu isipotimia, kuna kadi iliyoingia kimakosa.

Wengi hukwama kwenye kadi ya sita. Kadi tano zikishakaa mezani, zinazokubalika kuwa ya sita ni 7 tu kati ya 57. Tatu ni za mkato wenyewe. Nne ni mtego, maana ukiweka mojawapo, ya saba haipatikani tena. Hakuna haja ya kuvuruga meza nzima. Toa hizo 7 pembeni uzijaribu mbilimbili pamoja na zile tano (zinapatana ikiwa hakuna picha inayotokea mara tatu): tatu za kweli zinapatana zenyewe kwa zenyewe, na za mtego hazipatani na yeyote. Hapa ndipo kadi za kadibodi zinapolipa. Bapa zima lina mikato 16,758, lakini iliyo ndani ya kadi 55 pekee ni 12,348. Zaidi ya robo imepotea.

Picha zimechorwa kwa ukubwa tofauti na kugeuzwa huku na kule, jambo linalochosha sana wakati wa kuhesabu. Toleo la watoto, kadi 30 zenye picha 6, ni jepesi zaidi: ni daraja la 5, na kadi tano huita ya sita moja tu. Linafaa kwa somo la kwanza, lakini mtego haumo, na mtego ndio somo lenyewe. Chukua kopo kubwa.